Kubadilisha sili za MGB: kukata, kupima na kuchomelea bila kupinda bodi

Ukitaka kujua kama kazi ya kuchomelea bodi imefanywa vizuri, usiangalie rangi. Fungua mlango, uachie ujifunge wenyewe, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya mlango na bodi. Ikiwa sawa kutoka juu hadi chini, fundi alipima. Ikiwa nyembamba juu na pana chini, fundi alikata kwanza akapima baadaye, na hakuna puti, ile ya kujazia na kulainisha bati, itakayolificha kosa hilo.

Mwongozo huu unahusu sili, yaani ile boriti ya bati inayopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Natumia MGB kwa sababu ndilo gari la michezo la zamani ambalo watu wengi hujifunzia. Lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ukijumlisha la wazi na GT yenye paa, yalitoka zaidi ya 500,000. Paneli zake mpya zinapatikana karibu zote. Tangu 1988 hata bodi nzima inatengenezwa upya na kampuni ya British Motor Heritage. Lakini utaratibu utakaousoma hapa unafaa kwa gari lolote la zamani ambalo bodi yake ndiyo chesisi.

Hilo la bodi kuwa chesisi ndilo la kushika kabla ya yote. MGB haina fremu ya chuma chini inayobeba uzito. Bodi inajibeba yenyewe, na kwenye gari la wazi, lisilo na paa la kuunganisha mbele na nyuma, sili mbili pamoja na mhimili wa katikati ya sakafu ndizo zinazozuia gari lisikunjike kama kitabu. Ukiikata sili bila maandalizi, gari linakaa chini katikati hata kwa milimita chache, na ukichomelea paneli mpya katika hali hiyo, umeufunga upinde huo daima.

Sili ina tabaka tatu, si moja

Ukisimama nje unaona bati moja tu, la nje. Nyuma yake kuna ukuta wa kati, bati lililosimama wima lenye matundu makubwa, na nyuma ya huo kuna sili ya ndani iliyoshikana na sakafu. Tabaka hizo zinakutana kwenye pindo la juu, pale mpira wa mlango unapokaa, na kwenye pindo la chini. Chini zaidi kuna reli yenye umbo la mfereji inayofunga ukingo wa sakafu na sili pamoja. Vyumba viwili vinavyobaki ndani ndivyo vinavyoipa boriti nguvu yake, na ndivyo pia vinavyoficha kutu.

Maji na tope huingia kutoka mbele. Nyuma ya gurudumu la mbele, ndani ya madigadi, kuna bati la kuzuia tope lenye mpira ukingoni. Mpira ukizeeka, tope linapita na kujaa mbele ya nguzo ya bawaba, linakaa humo likiwa na unyevu miaka na miaka, na bati linaoza kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana tundu dogo kama punje ya mahindi kwenye sili ya nje huwa na maana moja: ukuta wa kati ulishaondoka zamani.

Hapa niseme jambo ninalolichukia. Kuna paneli nyembamba zinazouzwa za kuvisha juu ya sili iliyooza. Unaifunika, unachomelea kingo, unapiga rangi, na gari linapendeza. Ndani hakuna kitu. Niliwahi kununua gari lililofanyiwa hivyo. Nilipokata bati la nje nikakuta bati la pili, na ndani ya la pili nikakuta vumbi jekundu ninaloweza kuliteka kwa mkono. Mtu alikuwa ameendesha gari hilo na mtoto wake kiti cha pembeni. Tafadhali usifanye hivyo, na usimfanyie mwingine.

Kupima ugonjwa

Anza mlango ukiwa umefungwa. Weka jeki kwenye sehemu ya kunyanyulia iliyo katikati ya sili, nyanyua taratibu huku ukitazama nafasi ya mlango upande wa nyuma. Kwenye bodi nzima nafasi hiyo haibadiliki kwa jicho. Ikianza kubana au kupanuka, au mlango ukigoma kufunguka gari likiwa juu, sili haibebi tena. Ukisikia bati likikwaruza au kukunjika, shusha mara moja.

Baada ya hapo toa zulia, chukua bisibisi butu, na bonyeza kila sehemu: sakafu ukingoni, pindo la chini, chini ya nguzo ya bawaba, sehemu ya chini ya madigadi ya nyuma. Gonga kwa mpini wa nyundo. Bati zima linalia. Lililooza au lililojaa puti linatoa mlio mfu. Sumaku iliyofungwa kitambaa chepesi nayo itakuonyesha palipojaa puti. Weka chaki kila mahali penye wasiwasi, kisha piga picha. Nunua paneli zote kabla ya kukata kitu chochote, kwa sababu paneli mpya ndiyo inayokuambia ukate wapi.

Kuondoa hatari

Toa betri. MGB za miaka ya mwanzo zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, kwa hiyo hakikisha umezitoa zote mbili. Tenganisha waya za altaneta. Tangi la mafuta litoke kabisa na liwekwe mbali, mabomba yake yazibwe. Mazulia, viti, mpira, na ile lami ya kuzuia sauti sakafuni, vyote vitoke. Lami ikishika moto inatiririka huku ikiwaka.

Nina mambo matatu ambayo watu huyasahau. La kwanza ni zinki: bati lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, hivyo saga zinki pembeni ya mahali pa kuchomelea na vaa barakoa yenye kichujio. La pili ni dawa za kusafishia breki zenye klorini. Zikikutana na mwali wa kuchomelea hugeuka gesi ya fosijini, ambayo huua. Safisha bati kwa asetoni, na usubiri ikauke kabisa. La tatu ni madini ya risasi. Kwenye magari ya miaka ya 1950 na 1960 viwanda vingi vilijaza maungio kwa risasi badala ya puti. Ukiona chuma cha kijivu, laini, kinachong'aa kikikwaruzwa, usikisage. Kipashe moto kwa mwali mdogo na ukisugue kwa brashi ya waya kikiwa laini, mlango wa karakana ukiwa wazi na barakoa usoni.

Weka kizima moto na ndoo ya maji karibu na mkono. Kila ukimaliza kuchomelea, kaa na gari saa nzima kabla ya kufunga mlango. Cheche iliyoingia ndani ya nguzo haina haraka.

Funga bodi isitembee

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, nami hutumia siku nzima kwenye hatua hii bila kuchoma hata nukta moja.

Gari likae kwenye sakafu bapa, juu ya stendi nne zilizo karibu na pale uzito unapobebwa kwa kawaida: chini ya boriti ya saspensheni ya mbele na chini ya ekseli ya nyuma. Usiweke stendi katikati ya sakafu. Weka pima maji kwenye sakafu ya gari mbele na nyuma, kisha chomeka vibati vyembamba chini ya stendi mpaka pande zote zisome sawa.

Mlango ubaki kwenye bawaba zake. Urekebishe sasa, kabla ya kukata, mpaka nafasi iwe sawa pande zote, kama milimita 4. Kama bawaba zimelegea, badilisha pini zake kwanza. Mlango unaoning'inia hauwezi kuwa kipimo.

Kisha chukua bomba la chuma la mraba, milimita 25 kwa 25, na ulikatize kwenye uwazi wa mlango: moja kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa kwa usawa wa katikati, na jingine la mshazari. Kwa gari la wazi ongeza bomba la tatu linalounganisha nguzo za kushoto na kulia. Yapange kwa ndani ili mlango uendelee kufunga. Ukiweza, yafunge kwa boliti kwenye matundu ya bawaba za ndani na ya mikanda, ili uyatoe na kuyarudisha bila kusaga.

Pima. Kutoka kona ya juu ya mbele ya uwazi wa mlango hadi kona ya chini ya nyuma. Kutoka juu nyuma hadi chini mbele. Upana wa uwazi juu na chini. Piga alama kwa panchi ili upimie mahali palepale kila mara, na uandike namba hizo kwa kalamu nene ukutani au kwenye kioo cha mbele. Pima na upande wa pili ulinganishe. Shughulikia upande mmoja mpaka uishe kabisa ndipo uguse wa pili. Mwenye haraka anayekata sili zote mbili siku moja amepoteza kipimo chake.

Kukata

Madigadi ya mbele ya MGB yamefungwa kwa boliti, nayo yatoke. Boliti zilizo chini na kwenye nguzo ya mlango zitakuwa zimekufa kwa kutu, hivyo zinyunyizie mafuta ya kulegeza siku mbili kabla. Chache zinafikiwa kwa ndani, nyuma ya dashibodi. Madigadi ya nyuma yamechomelewa, na sili inapita nyuma yake, kwa hiyo sehemu yake ya chini lazima ikatwe. Shika kipande kipya cha ukarabati juu yake, chora mstari, kisha kata sentimita 2 chini ya mstari huo. Ziada hiyo utaipunguza mwishoni.

Sili ya nje ikatwe kwa diski ya milimita 1, mstari mmoja juu na mmoja chini, kama sentimita 3 kutoka kwenye mapindo. Usizamishe diski, maana unataka kuuona ukuta wa kati kabla ya kuugusa. Kipande kilicho kati ya mistari hiyo miwili kikitoka, yanabaki mapindo yenye nukta za kuchomelea za kiwandani. Saga rangi kidogo na utaziona, vidoa vya mviringo vilivyozama. Piga panchi katikati ya kila kidoa, toboa kwa biti maalumu ya kukata nukta mpaka upite bati la juu tu, kisha tenganisha kwa patasi nyembamba. Inachosha. Mwenye kuvuta kwa koleo atararua bati zima la ndani na kujiongezea kazi.

Ondoa ukuta wa kati kwa njia hiyohiyo, halafu kagua sili ya ndani. Endelea kukata mpaka ukutane na bati linalong'aa likisagwa. Bati lenye vishimo vyeusi baada ya kusagwa limekuwa jembamba, na mwali utalitoboa.

Pima tena mishazari. Tofauti ikizidi milimita 2, simama, rekebisha stendi mpaka namba za ukutani zirudi.

Jaribu kila kitu kabla ya kuwasha mashine

Paneli mpya hazikai sawa mara ya kwanza, hata zile nzuri. Shikiza ukuta wa kati na sili ya nje kwa klempu, funga mlango. Sili iwe sambamba na ukingo wa chini wa mlango, isichomoze nje kuliko mlango. Rudisha madigadi ya mbele kwa boliti chache na uangalie nafasi yake na mlango. Shikilia kipande cha madigadi ya nyuma. Ukihitaji kusaga pindo au kupanua tundu, fanya sasa. Skrubu ndogo za kujitoboa husaidia kushika paneli mahali pake bila klempu kukuzuia.

Nimewahi kuamini kuwa sili iliyokaa vizuri na klempu tano ingekaa vivyo hivyo na madigadi. Niliichomelea yote. Madigadi ya mbele yaliporudi, mbavu iliyochongwa ubavuni ilikuwa juu ya ile ya mlango kwa milimita 5, nikakata nukta zote upya. Tangu siku hiyo sichomi chochote kabla ya kuona paneli zote za upande huo zimesimama pamoja.

Kuchomelea

Mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, yenye gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi inatosha. Bati la nje la magari haya lina unene wa karibu milimita 0.9, paneli za kubeba uzito huwa nene zaidi, mara nyingi karibu 1.2. Waya wa milimita 0.6 unafaa kwa bati jembamba, na 0.8 kwa nene. Gesi iwe kati ya lita 8 na 12 kwa dakika, na upepo usipite.

Kata vipande vya bati la unene uleule na ufanye mazoezi mpaka mkono uzoee. Mlio mzuri ni wa mfululizo, kama kitu kinachokaangwa. Ukisikia milipuko na waya kusukuma mkono, punguza kasi ya waya. Halafu jaribu nguvu: unganisha vipande viwili kwa nukta moja, shika kimoja kwenye jiliwa, kizungushe kingine kwa koleo. Nukta nzuri inang'oka na kipande cha bati la chini, ikiacha tundu. Ikibanduka safi, haikushika, na hujawa tayari kugusa gari.

Kwenye mapindo tumia weldi ya tundu. Toboa bati la juu matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 3 hivi, kufuata mpangilio wa nukta za kiwandani; penye bati nene fanya milimita 8. Paka praima ya zinki inayoruhusu kuchomelea katikati ya tabaka, lakini ikwangue ndani ya tundu lenyewe. Bana tabaka zikutane kabisa, kwani pengo hata la nusu milimita litafanya weldi ikae juu bila kuzama. Lenga katikati ya tundu, kwenye bati la chini, subiri dimbwi la chuma kilichoyeyuka lishike, kisha zungusha kuelekea kingo na uachie.

Anza na ukuta wa kati. Nukta ya kwanza katikati ya urefu, ya pili mbele kabisa, ya tatu nyuma kabisa, kisha robo na robo. Usifuate mstari. Ukishachoma nukta nne, funga mlango na uangalie. Nne nyingine, angalia tena. Joto huvuta bati, na mlango utakuambia mapema linavuta upande gani. Ukuta wa kati ukikamilika, paka ndani yote praima, maana hutaiona tena sehemu hiyo, ndipo sili ya nje ifuate kwa mpangilio uleule: pindo la juu kwanza, kisha la chini pamoja na reli.

Kipande cha chini cha madigadi ya nyuma kinataka mkono mwingine, kwa sababu kinaonekana. Kinaunganishwa ncha kwa ncha, bila bati kupanda bati. Chagua mstari karibu na mkunjo au ukingo, usipite katikati ya eneo pana lililo bapa, maana hapo bati hupinda kwa urahisi zaidi. Pengo liwe jembamba kama waya wenyewe. Shikiza nukta kila baada ya sentimita 3, ukiruka huku na kule. Kila nukta ipoe mpaka uweze kuigusa kwa kidole ndipo uongeze nyingine jirani. Ukiona haraka inakujia, weka bunduki ya kuchomelea chini, nenda kasage kitu kingine.

Weldi ikipoa hujikunyata na kuvuta bati lililo pembeni, na ndipo lile bonde refu hutokea kando ya mstari. Dawa yake ni nyundo. Saga kichwa cha weldi kidogo, weka chuma cha kuegemezea nyuma, gonga juu ya weldi yenyewe kwa mapigo mepesi. Inatanuka, na bonde linarudi. Gonga weldi peke yake. Ukigonga bati la pembeni unalitanua lisilohitaji kutanuliwa. Grinda nayo ina joto lake, kwa hiyo gusa na uondoe, gusa na uondoe.

Kutoa mabomba

Legeza boliti moja moja huku ukitazama nafasi ya mlango. Isipotikisika, kazi imeshika. Shusha gari kwenye magurudumu, lisukume mbele na nyuma ili saspensheni ikae, kisha pima mishazari kwa mara ya mwisho ulinganishe na ukutani. Ndipo uhamie upande wa pili.

Kuzuia kutu isirudi

Chuma tupu kisilale usiku bila praima ya epoksi. Maungio yote ya nje na ya chini yapakwe sila, yaani dawa ya kuziba maungio, kwa brashi, hasa pale sili inapokutana na bati la kuzuia tope. Badilisha na mpira wake. Puti iwe nyembamba, ya kulainisha uso tu.

Nta ya ndani ipulizwe baada ya rangi, kwa sababu nta ikitangulia rangi haishiki. Ingiza mpira mrefu wa kupulizia kupitia matundu ya sili ya ndani, usukume mpaka mwisho, uuvute taratibu ukipuliza, mbele hadi nyuma, vyumba vyote viwili. Fanya hivyo siku ya joto ili nta itambae. Kabla ya kuanza hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya sili hayakuzibwa na sila wala rangi, yapitishie waya. Weka gazeti sakafuni na uendelee kupuliza mpaka uone matone ya nta yakidondoka kutoka kila tundu. Tundu ambalo halidondoki lina kitu kimeliziba. Lizibue, kisha upulize sehemu hiyo upya.